"Niko Poa," Aliniambia, Kumbe Vidole Vinaganda

Mwezi huu siandiki ya watu. Naandika yangu, na nimepewa ruhusa. Mume wangu aliposikia nataka kuyaweka haya kwenye jarida alicheka, akasema, "Andika tu mama, ila na la kwako usilifiche." Basi na la kwangu nalitoa.

Wazo la kupanda Mlima Kilimanjaro lilikuwa langu. Yeye alitaka twende Zanzibar, tukae Nungwi siku nne, tule pweza na tulale mpaka saa nne asubuhi. Mie nikakataa. Ilikuwa Agosti 2023, ndoa yetu inatimiza miaka kumi, nikajiambia Zanzibar kila mtu anakwenda. Nilitaka picha. Picha ya sisi wawili tumekumbatiana chini ya lile bango la pale Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Picha niliipata. Ipo sebuleni kwangu hadi leo, na kila mgeni huisifu. Wasichokijua ni kwamba wakati inapigwa, vidole viwili vya mguu wa kushoto wa yule mwanaume anayetabasamu vilikuwa vimeshakuwa vigumu kama nyama iliyotolewa kwenye friza.

Buti la bei poa

Tatizo lilianzia Moshi, soko la Memorial, kwenye mitumba. Kampuni iliyotupandisha ilikuwa inakodisha mabuti ya mlimani, lakini nilipopiga hesabu nikaona hela inatoka bure. Nikamwambia baba watoto, "Twende Memorial, tutapata buti kali kwa bei poa." Na kweli tulipata, buti zito la ngozi, bado lina uhai. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Yeye anavaa namba 44, lile lilikuwa 43.

"Linabana kidogo," akasema.

"Litaachia," nikajibu. Nikalipa.

Siku ya kwanza, msituni Machame, hakukuwa na neno. Shira hakukuwa na neno. Kufika Barranco usiku baridi ilianza kuuma, naye akaongeza soksi ya pili juu ya ya kwanza. Ungekuwepo ungeona ni akili. Mtu akisikia baridi si anaongeza nguo? Lakini soksi mbili ndani ya buti linalobana ni sawa na kufunga kamba kwenye bomba la maji. Damu haipiti. Na damu ndiyo inayobeba joto kwenda vidoleni, soksi kazi yake ni kulitunza tu lisitoroke. Juu ya hayo, ile ya ndani ilikuwa ya pamba, imelowa jasho la mchana kutwa, na soksi mbichi hunyonya joto la mguu haraka kuliko kavu.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kichagga aliyetuzidi miaka kama ishirini, tulimwamkia shikamoo kila asubuhi. Jioni ile kambini Barafu, zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari, alituketisha hemani kabla hatujalala.

"Wanangu, usiku wa leo mkisikia baridi vidoleni, niambieni. Mkisikia maumivu, niambieni. Mkiacha kusikia chochote, pigeni kelele."

Sote wawili tukaitikia, "Sawa mzee." Mume wangu akatoka nje kuvuta sigara mbili za kutuliza moyo. Sikujua wakati ule kwamba hata sigara inabana mishipa ya vidole.

Usiku wa kilele

Tuliondoka saa sita usiku, taa zimefungwa kichwani. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kushoto kama mtu aliyefungua mlango wa friza na kukataa kuufunga. Kiongozi alikadiria nyuzi 15 chini ya sifuri. Upepo nao usiuone mdogo, maana huufukuza ule utando mwembamba wa hewa ya joto unaokaa juu ya ngozi. Katika nyuzi 15 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 40 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kana kwamba hewa ni nyuzi 27 chini ya sifuri.

Mume wangu alikuwa mbele yangu. Tulipopita mita 5,000 nikaanza kumwona anapigapiga mguu wa kushoto chini. Hatua tatu, anapiga. Hatua tatu, anapiga.

"Vipi, baba?"

"Niko poa."

Kiongozi naye akauliza, "Vidole vipo?"

"Vipo mzee. Niko poa."

Baada ya kama saa moja hivi akaacha kuupiga mguu. Jamani, nilifurahi. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikasema afadhali umepata joto.

Sasa lile la kwangu ni hili hapa. Sikuamini hivyo kwa asilimia mia. Kwenye mapumziko nilimwona ameinama, anaigonga ncha ya buti lake kwa fimbo ya kutembelea, taratibu, kama fundi anayesikiliza ukuta una uwazi gani. Akagonga mara tatu, akanyamaza, akatazama gizani. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi, nikashindwa kujua hapo pana jambo? Nilijua. Nikageuza taa yangu upande mwingine. Kwa sababu ningemuuliza tena, huenda angesema ukweli. Na angesema ukweli, tungegeuza. Picha ningeipata wapi?

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa Uhuru. Jua limetoka, barafu ya kale inang'aa pembeni, watu wanalia kwa furaha. Tukakumbatiana. Picha ikapigwa.

Mwili unavyochagua

Tangu siku ile nimesoma sana, nimeuliza madaktari, na naomba nikueleze kwa lugha yetu ya nyumbani.

Mwili wako una jukumu moja kuu kwenye baridi, nalo ni kulinda moyo, mapafu na ubongo vibaki karibu na nyuzi 37. Hivyo vikitishiwa, mwili unaanza kubana matumizi. Mishipa midogo ya vidole, pua na masikio inabanwa ili damu ya moto ibaki kifuani na tumboni. Mara moja moja mwili huvionea vidole huruma, mishipa ikafunguka kidogo, damu ikapita, ikafungwa tena. Baridi ikizidi, na mwili mzima ukishapoa, hata huruma hiyo inaisha. Na ukiwa juu mlimani, ambako hewa ni nyepesi na maji hunywi ya kutosha, mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Kwanza kidole kinauma. Halafu kinachomachoma. Ngozi ikishuka kufika kama nyuzi 10, mishipa ya fahamu inazimika, na ganzi inaingia. Hapo ndipo maumivu yanapoisha. Si kwamba kidole kimepona, bali kimekosa namna ya kuomba msaada.

Joto la kidole likishuka chini kidogo ya sifuri, maji yanaanza kuganda. Chembe za barafu hujitengeneza kwanza nje ya seli, na kila chembe inavyokua ndivyo inavyoyavuta maji yaliyomo ndani ya seli. Seli zinanyauka kama nyanya iliyosahauliwa juani. Kibaya ni kwamba madhara hayaishii hapo. Kidole kikiyeyuka na damu ikarudi, kuta za mishipa zilizoumia zinavuja, panavimba, damu inaganda vipande vipande na kuziba njia. Nyama iliyoponea kwenye baridi inaweza kufia kwenye kuyeyuka.

Na hili wasichana na wavulana wenzangu weusi mlisikie vizuri. Uchunguzi uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na wa Uingereza umeonyesha kuwa wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara kadhaa zaidi ya wenzao weupe, hata wakiwa kazi moja. Isitoshe, vitabu vingi vinasema utazame ngozi iliyogeuka nyekundu au nyeupe. Ya kwetu haigeuki hivyo. Inapauka, inakuwa kijivu kama iliyopakwa majivu, na ukiigusa ni ngumu, ya baridi, haibonyei.

Buti lilipovuliwa

Tulirudi Barafu kwenye saa nne asubuhi. Mume wangu akakaa kwenye jiwe akashindwa kufungua kamba. Nikapiga magoti nikamvulia. Soksi ya ndani ilikuwa imeshikana na ya nje kwa barafu. Nikaivuta.

Kidole gumba na kinachofuata vilikuwa na rangi ya majivu. Nikavigusa. Sikuhisi kama nagusa mtu. Nikamtazama usoni, akaniambia tena, kwa sauti ndogo, "Niko poa, mama. Hata haviumi."

Nikaanza kuvisugua kwa viganja vyangu. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha, mtoto akipata baridi msugue. Kiongozi alinishika mkono kwa nguvu. "Acha, mwanangu! Unachana nyama." Baadaye nilielewa. Kidole kilichoganda kina vipande vya barafu ndani, ukisugua ni kama unapitisha vioo.

Kumbe kosa langu lina historia ndefu. Mwaka 1812, jeshi la Napoleon lilipokuwa linarudi kutoka Urusi kwenye theluji, daktari wake mkuu wa upasuaji, Dominique-Jean Larrey, aliona askari wanaikimbilia mioto na kuweka miguu karibu kabisa, kisha nyama yao inaoza. Akaamua dawa ni kusugua kwa theluji. Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliamini hivyo. Siku hizi inajulikana kuwa kusugua kunaumiza na moto nao unaunguza, kwa sababu mguu wenye ganzi haujui kama unaungua.

Kiongozi akaagiza maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 37 na 39. Kipimajoto hatukuwa nacho. Akaniuliza, "Umezaa?" Nikasema wawili. "Basi pima kwa kiwiko, kama unamwogesha mchanga." Nikachovya kiwiko changu. Kila maji yalipopoa tukaongeza ya moto, huku mguu umetolewa kwanza, kwa karibu nusu saa, mpaka ngozi ikawa laini na rangi ikarudi.

Na maumivu nayo yakarudi. Sijapata kumsikia mume wangu akilia. Hata alipomzika mama yake alijikaza. Siku ile alilia kwa sauti, ameng'ata mkono wa jaketi lake, na mimi nimemshika kichwa. Kiongozi akasema, "Mwache alie. Kinacholia kipo hai."

Kingine alichosisitiza ni kwamba mguu ukishayeyuka, usiruhusiwe kuganda tena. Ukiganda mara ya pili ni balaa kuliko ya kwanza. Ingekuwa bado tuna usiku mwingine kule juu, asingeuyeyusha kambini. Kwa vile tulikuwa tunashuka kwenda kwenye joto, aliufunga kwa kitambaa kikavu, akaweka pamba kati ya kidole na kidole, na mume wangu akashushwa kwa ile machela ya gurudumu moja. Vijana sita walipokezana. Mimi nikawa nyuma na mabuti yake mkononi.

Kusubiri

Hospitalini Moshi malengelenge yalikuwa yameshatoka. Mengi yalikuwa na maji meupe, na daktari akasema hiyo ni nafuu, ganda limeishia juu. Ya vidole viwili yalikuwa na damu nyeusi ndani. Hiyo ina maana baridi ilizama. Akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa za maumivu na za kupunguza uvimbe.

Nilidhani watakata siku ile ile. Daktari akasema hapana, wanasubiri. Labda mwezi, labda mitatu. Jicho la mtu haliwezi kujua mapema wapi pamekufa na wapi pamelala tu. Mwili wenyewe utachora mstari. Ukikata haraka, unatupa na kilicho hai.

Usiku wa wodini nilisoma kwenye simu habari za Maurice Herzog, yule Mfaransa aliyefika kilele cha Annapurna kule Nepal tarehe 3 Juni 1950. Wakati wa kushuka alivua glovu afungue begi, zikateleza mlimani zikapotea. Vidole vya mikono na miguu vilikwenda. Kwa glovu tu! Nikamtazama mume wangu amelala, nikalikumbuka lile buti namba 43.

Siku hizi kuna matumaini zaidi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo iloprost kwa ajili ya watu walioganda vibaya. Inafungua mishipa damu ipite na kupunguza uwezekano wa kukatwa, lakini inahitaji mtu afike hospitali mapema. Aliyenyamaza mlimani dawa itamfikia saa ngapi?

Sisi tulisubiri wiki tisa. Kidole gumba kilipona, ukucha ukang'oka na kuota mwingine. Cha pili kilikauka kikawa cheusi kama mkaa, mstari ukajichora wenyewe, na ncha ikaondolewa.

Tulichoambiana

Jioni moja ndani ya zile wiki tisa, nikimbadilishia bandeji, nilimuuliza. "Kwa nini hukusema?"

Akafikiri. "Nilikuona umeshaamua. Nikasema nisikuharibie."

"Na kwa nini ulinyamaza Memorial, viatu vinabana?"

"Nilisema. Ukasema litaachia."

Msomaji wangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia na la kwangu, kwamba nilimwona akigonga buti kwa fimbo nikageuza taa. Hakujibu kitu. Siku mbili nzima alizungumza nami ya lazima tu. Siku ya tatu akaniambia, "Na mimi nilijua umeniona."

Hapo ndipo tulipoanza kuongea kweli. Mwaka 2019 aliposimamishwa kazi aliniambia yuko poa kwa miezi miwili, kila asubuhi anavaa tai anatoka. Nami nilipopoteza mimba ya tatu nilimwambia niko poa, nikarudi ofisini wiki ile ile. Sote tulidhani tunapeana unafuu. Sisemi ndoa ni mlima, hapana, ndoa ni ndoa. Nasema tu kwamba watu wawili waliozoeana kujibu hivyo nyumbani, watajibu hivyo hivyo kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri.

Kabla hujafunga begi

Huenda wewe hupandi mlima. Lakini una mdogo wako anakwenda kusoma Minnesota au Kanada, au binamu aliyepata kazi Norway. Mwambie haya:

Viatu viache nafasi ya vidole kucheza. Soksi moja nene ya sufu, kavu, inashinda mbili zinazobana. Asivae ya pamba akijua atatoka jasho.

Mikononi avae glovu za kidole gumba peke yake na vinne pamoja. Vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Awe na jozi ya pili begini.

Pombe si koti. Inafungua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia moto kumbe joto lake linatoka nje. Sigara nayo inabana mishipa.

Akipata ganzi, aingie ndani mara moja, avue kilicholowa, asisugue, asisogelee heta wala moto. Kidole kipate joto la kwapa, au maji ya uvuguvugu. Kikiwa kigumu au kikitoa malengelenge, hospitali bila kusubiri kesho.

Mwenye kisukari awe makini mara mbili, maana miguu yake huenda tayari ina ganzi na damu haipiti vizuri.

Na hata wewe wa Tandika au Likoni, mtoto akivimba goti usimbandike barafu ya friza moja kwa moja. Friza ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, inaganza ngozi ile ile tunayoizungumzia. Izungushie taulo, na uitoe baada ya dakika kumi hadi kumi na tano.

Mume wangu anatembea vizuri, mpira wa Jumamosi anacheza. Dar ikipata mvua na kaubaridi ka Julai, kile kidole kinamuuma kabla ya mtu mwingine yeyote kusikia baridi. Madaktari walimwonya, sehemu iliyoganda mara moja huwa nyepesi kuumia tena.

Wiki iliyopita alirudi kazini amechoka, akakaa kwenye kochi chini ya ile picha. Nikamuuliza yukoje. Akafungua mdomo, nikajua kabisa anataka kusema lile neno. Akanitazama, akacheka.

"Leo siko poa, mama," akasema. "Kaa hapa nikwambie."

Nikazima jiko nikakaa.